Bingwa wa Mkongojo

Jumatatu, 4 Machi

Chama chetu cha watu wenye ulemavu kimekutana ukumbini. Mwokaji, ambaye ni kiziwi, alitueleza kwa ishara, mwenyekiti akitafsiri, jinsi kibaka alivyompora simu akifunga duka lake la mikate. Tukainamisha vichwa. Mwenyekiti akasema lazima tujifunze kujihami. Nani atafundisha? Mkono mmoja ukanyooka. Nikautazama. Wangu!

Nikadai nimefuzu karate. (Ukweli: nilikuwa nafua sare za kaka yangu aliyefuzu.) Fundi cherehani, mama wa kiti cha magurudumu, akauliza kwa upole mkanda wangu ni wa rangi gani. Nikamjibu rangi si hoja. Mama huyo ananionea wivu.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi ya siri sebuleni. Mguu wangu wa kushoto haujawahi kunitii tangu utotoni, basi nimebuni mtindo wangu mwenyewe: nasimama kwa wa kulia, mkongojo unazunguka kama feni. Kabati la vyombo limeshindwa vibaya. Mke wangu akachungulia, akauliza kama adui amekufa au bado yumo kwenye vikombe.

Jumatano, 6 Machi

Somo la kwanza. Aibu! Niliamuru wote warushe teke. Fundi cherehani akanitazama, akaitazama miguu yake, akanitazama tena. Mkandaji wa misuli, asiyeona, akaomba nieleze ninachofanya. Nikasema, "Hivi." Akauliza hivi vipi. Nikasema hivyo hivyo. Mwokaji akaashiria kitu, fundi cherehani akamnong'oneza mkandaji, wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Kumbe nachekwa.

Fundi cherehani akaomba dakika moja. Akasema kila mtu aanze na alichonacho: fimbo, gurudumu, sauti, vidole. Upuuzi mtupu! Wakafanya mazoezi yake hadi mwisho wa kipindi. Mimi nilishikilia mlango. Mwenyekiti anasema Jumamosi watapiga kura kuchagua mwalimu.

Alhamisi, 7 Machi

Wazo! Shemeji, kaka wa mke wangu, ana mabega kama kabati na hana kazi. Avae kofia ya kuficha uso, anivamie mbele ya darasa, nami nimbwage. Shemeji akauliza kama nitampiga kweli. Nikamwambia sisi ni damu moja. Akasema si damu, ni ndoa tu. Lakini amekubali. Mke wangu hajui. Asijue!

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa nimekalia upande mmoja.

Shemeji alifika kama tulivyopanga, akanguruma. Nikazungusha mkongojo. Sakafu ilikuwa imepigwa deki. Nikaenda chini kama gunia la viazi. Shemeji, mtu wa huruma, akainama kuniinua. Darasa likaona jambazi anamkaba mwalimu.

Mkandaji akafuata sauti, fimbo yake nyeupe ikanasa kifundo cha mguu wa shemeji. Fundi cherehani akapandisha gurudumu juu ya vidole vya mguu wa pili, akafunga breki papo hapo. Mwokaji, kwa ile mikono ya kukanda unga, akamkunja mkono mpaka akapiga magoti.

"Shemeji! Waambie ni mimi!" akanililia.

Wote wakanigeukia. Nikasema simjui mtu huyu.

"Hunijui? Kwani dada yangu ulimwokota njiani?"

Kofia ikavuliwa. Mwokaji akaniashiria polepole, fundi cherehani akitafsiri ili nisikose hata neno: alidhani ni yule kibaka amerudi. Alikuwa ameogopa kweli. Kuchekwa nimezoea. Hilo sijalizoea. Nikaomba radhi kwa ishara pekee ninayoijua. Fundi cherehani akanijulisha kwamba nimesema "mkate." Mwokaji akaangua kicheko, ndipo akamwachia shemeji mkono.

Kura: fundi cherehani, bila kupingwa. Hata shemeji alinyoosha mkono, ule uliokuwa mzima.

Nyumbani, mke wangu aliviona vidole vya kaka yake. Hakupiga kelele. Aliniletea shuka na kunionyesha kochi.

Jumatano, 13 Machi

Nimerudi darasani. Mwalimu mpya amenipa cheo: kibaka wa mazoezi. Nimenaswa, nimekanyagwa, nimekunjwa. Mwokaji ananikunja kwa furaha isiyofichika. Anasema sasa anafunga duka lake bila kutazama nyuma. Nilifurahi, sikatai. Nilifurahi nikiwa chali.

Nimekaa na kutafakari sana. Kosa ni wazi kama jua: nilichagua shemeji, mtu mwenye huruma. Mtu mwenye huruma huinama.

Wiki ijayo ni siku ya wageni. Baba mkwe amestaafu, ana kifua kipana, na huruma hajawahi kunionea hata siku moja.

Kesho asubuhi naenda kumwamkia.