Miche Makumi Ine ya Kahawa

Kalunguta, siku ya kwanza ya juma, 22 aprili 1963

Leo réunion, mukutano wa batu bote, mbele ya kanisa. Bwana Laurent, mutu wa serikali kutoka Kasai, alifungua carte kubwa, ramani ya inchi yetu, juu ya meza. Serikali inawaza njia ya gari ya moshi, na gare moja, kituo yake, karibu yetu. Anataka mawazo ya raia. Batu baliuliza kitu kimoja tu: gare ikikamata shamba, mwenye shamba atapata nini? Akajibu: franga, na zaidi kwa kila muti wa kahawa. Siku ya tano atapita kuandika majina na miti.

Shamba yetu iko katikati kabisa ya ile carte! Lakini iko na maharagi tu. Tena si yetu. Jéthro, mwenye kilima, alituazima miaka saba sasa. Kila mwaka tunamupelekea kuku, kwa hiyo anajua hatujasahau kwamba udongo ni wake. Na mutu wa kuazima hapandi muti. Kupanda muti ni kusema: hapa ni kwangu. Hata batoto banajua ile.

Niliwaza mpaka chakula ikapoa. Tangu dipanda, ule uhuru wetu, bengine balipata bureau ya kazi, bengine motokari ya bazungu. Mimi nilipata bendera ya karatasi, na mvua ikailowanisha.

Siku ya tatu, 24 aprili

Kanyere, bibi yangu, mama ya batoto yangu, alienda soko ya Butembo. Nikang'oa maharagi yake. Ilikuwa na maua. Iliniuma kidogo, naandika ukweli. Koti yangu ya misa niliibadilisha na miche makumi ine ya kahawa. Nikaipanda kwa mustari, kama ya bazungu. Nzanzu, jirani yangu, alisimama ku mupaka akaniuliza kama Jéthro ameuza kilima. Nikamuambia ashugulike na mbuzi zake. Wivu tu.

Siku ya ine, 25 aprili

Kanyere amerudi. Aliona shamba, hakunitukana. Aliuliza batoto batakula nini mwezi wa sita. Nikamueleza gare. Akauliza gare inapikwa kwa masaa ngapi.

Siku ya tano, 26 aprili

Laurent alikuja na kitabu chake. Nilivaa shati nyeupe. Akauliza shamba ni ya nani. Nikafungua kinywa. Nyuma yake, Jéthro, na kuku chini ya kwapa. Nzanzu yule, ndiye alimuita!

Jéthro akasema polepole: mutu wa kahawa hana lazima ya kuazima kitu. Akaniwekea kuku mu mikono. Kwetu, mwenye kilima akirudisha kuku, imekwisha, uondoke. Laurent hakuelewa. Alinipongeza kwa zawadi, kiisha akaandika jina ya Jéthro, na miche makumi ine.

Siku ya Mungu, 28 aprili

Sikuenda misa, sina koti. Kanyere alienda peke yake kwa Jéthro, kuomba. Mimi nilibaki na kuku. Niliona haya. Miaka saba Kanyere analima ule udongo, ndio unatulisha, na mimi niliuchezea siku moja.

Magaribi akarudi. Jéthro amerudisha shamba, lakini kwa Kanyere tu, kwa jina yake. Mimi nisikanyage pale bila ruhusa ya bibi yangu. Nililia. Niliapa mbele yake: sitapanda tena muti ku udongo wa mutu.

Siku ya pili, 30 aprili

Laurent alipita akienda Beni. Anasema ile ilikuwa mawazo tu, labda gare itakuja kiisha miaka makumi mbili. Siku ya posho, mwisho wa juma, ataenda kuuliza batu ya Mulekera mawazo yao juu ya gare.

Kanyere amepanda maharagi upya. Anaimba. Ni zamani sijamusikia akiimba.

Nimechunguza sana kosa yangu, na sasa naiona wazi. Miche ilikuwa midogo. Mutu wa akili anahamisha miti mikubwa, yenye matunda tayari. Virginie, dada ya Kanyere, naye ameazima shamba ya mutu kule Mulekera. Kesho asubui naenda kumusalimia. Kanyere amefurahi sana kuona nawaza jamaa yake. Amenifungia viazi ya kula mu njia.