Mume na Mke Ndani ya Santuri Nyekundu

Leo nimeaibika, wenzangu, tena nimeaibika nikiwa nimevaa tai.

Nimerudi Keroka sasa hivi kutoka Nyamira. Kabla hamjaisikia habari hii kwa watu wengine, afadhali mnisikie mwenyewe. (Tai bado ninayo. Heshima sijui nimeiacha wapi.)

Mnajua mimi ni dereva wa lori. Mnajua pia kwamba tangu yule mzungu wa shamba la chai kule Kericho aliporudi kwao na kuniachia gramafoni yake na santuri za jazi, nimekuwa mtaalamu. Mtu yeyote hapa akitaka kuanza kuweka santuri nyumbani, anakuja kuniuliza aanze na ipi. Nami namjibu. Sijawahi kusema sijui. (Shuleni nilichapwa kwa sababu hiyo hiyo.)

Sasa, Mzee Nyangau wa Nyamira amepata gramafoni. Mzee Nyangau ndiye baba yake Kemunto. Na Kemunto ndiye sababu lori langu linaharibika Nyamira kila juma, hata likiwa zima.

Mzee akatuma neno: nije na santuri zangu Jumapili baada ya misa, nimchagulie za kuanzia. Kila mtu alielewa. Alitaka kunipima bila kusema ananipima. Nikijibu vizuri, wazee wangu wanaweza kwenda kwake kuongea habari ya ng'ombe wa mahari. Nikijibu vibaya, nimempoteza Kemunto.

Nikamkuta Mzee na ndugu zake wawili wamekaa kwenye viti, kofia magotini. Mama yake Mzee, ambaye nyumba nzima inamwita magokoro, yaani bibi, alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Gramafoni ilikuwa juu ya meza, imewekewa kitambaa cha kufuma. Kemunto alileta chai bila kuniangalia.

"Haya," Mzee akasema. "Mtu akianza, anunue gani?"

Nikasimama. Nikanyoosha tai.

"Mzee, usianze na nyingi. Anza na tatu. Hii yenye karatasi ya buluu katikati ni tarumbeta tupu, ya kuwaamsha wageni waliokaa sana. Hii ya manjano ni kinanda, unaipiga wakati wa chai kwa sababu haina fujo. Lakini kama utanunua moja tu maisha yako yote, nunua hii nyekundu."

"Iko na nini?"

"Iko na heshima. Ndani yake kuna mke na mume. Mke anaanza, anaimba haraka haraka, analalamika. Halafu mume anaingia na sauti nzito, anasema polepole, na mke ananyamaza kabisa. Mume ndiye anayemaliza."

Wazee wakatazamana.

"Wazungu wanaimba kitu kama hiyo?" Mzee akauliza.

"Si Wazungu, Mzee. Ni weusi wa Amerika."

"Hao ni watu wanajua nyumba," akasema. "Tusikie."

Hapa lazima niwaeleze ninavyoiwasha gramafoni. Hendeli ya lori mnaijua. Unaichomeka mbele, unavuta kwa nguvu, injini ikishika unachomoa upesi na kuruka pembeni, la sivyo inakuvunja mkono. Huu wangu wa kulia umeshavunjwa hivyo. Kwa hiyo gramafoni nayo, yenye hendeli ubavuni, naiwasha vile vile. Nachomeka, navuta mara mbili, nachomoa, naitia hendeli mfukoni, naruka. Nimefanya hivyo tangu siku ya kwanza. Nani angenifundisha vingine? Mzungu alikuwa ameshapanda meli.

Nikawaambia wazee warudi nyuma kidogo, mashine isije ikawaumiza. Wakarudi, viti na vyote. Nikavuta. Nikachomoa. Nikaruka. Kisha nikarudi kwa tahadhari nikashusha sindano.

Mke akaanza.

"Anaongea sana," mdogo wake Mzee akanong'ona.

"Ngoja," nikamwambia.

Tukangoja. Sauti ikaanza kushuka, kama inavyoshuka siku zote kwenye gramafoni yangu. Ikawa nzito. Ikawa ya mwanamume.

"Huyo ndiye mume," nikasema. "Tusimame." (Hakuna mtu aliyewahi kuniambia watu husimama. Niliitunga mwenyewe papo hapo, nikaipenda.)

Wazee wakasimama, kofia vifuani. Mume akaimba, kila neno likishuka polepole kama gunia la mahindi kutoka juu ya lori. Macho ya Mzee yakalowa.

"Huyu amepitia mambo mengi," akasema.

Nikatupa jicho kwenye mlango wa jikoni. Kemunto alikuwa ananiangalia, na alikuwa anatabasamu. Nilifurahi mpaka nikasahau kupumua.

Ndipo magokoro akasema, "Hiyo kitu inakufa."

"Hapana, magokoro. Ni mume anaimba."

"Mume gani? Inakufa. Mimi nimeona cherehani ya mkono kule sokoni. Fundi akiacha kuzungusha, inasimama. Mkono yake iko wapi?"

"Iko mfukoni, lakini ni hatari, inaweza..."

Hakungoja. Alitia mkono mfukoni mwangu, akatoa hendeli, akaichomeka, akazungusha. Akazungusha tena. Akazungusha kama mtu anayesaga ulezi wa harusi.

Mume akashtuka. Sauti yake ikaanza kupanda. Ikawa ya kijana, ikawa ya mvulana, halafu, mbele ya wazee watatu waliosimama kofia vifuani, mume akawa mke.

"Mume amekwenda wapi?" Mzee akauliza.

Nikanyoosha tai tena.

"Hakuna mume," magokoro akasema. "Ni mwanamke mmoja tu. Alikuwa na njaa."

Kemunto aliuficha uso kwenye leso na kucheka mpaka birika likammwagikia. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Ingeishia hapo, ningeshukuru.

Lakini wenzangu, ile santuri ikizungushiwa hendeli sawasawa ni kitu kingine kabisa. Sikuwahi kuisikia hivyo. Inakimbia. Inaingia magotini bila kubisha hodi. Wadogo zake Mzee wakaanza na mabega. Magokoro akanishika mkono, akanivuta katikati ya chumba. Yeye ana haki, bibi hutaniana na mtu yeyote. Ila mnajua mambo ya ensoni, ile aibu ya heshima. Baba mkwe na mkwe hawachezi ngoma chumba kimoja. Hata kuonana wakicheza ni mwiko. Nikafumba macho, nicheze bila kuona mtu.

Kumbe Mzee naye alikuwa amefumba macho.

Alikuja kinyumenyume. Mimi nilikuwa nazungushwa. Tukagongana makalio kwa makalio, katikati ya chumba, kwa nguvu mpaka sindano ikaruka.

Tukageuka. Tukatazamana. Mzee alikuwa bado ameinua mikono juu.

Akatoka nje bila kofia. Sote tukabaki tumesimama. Baadaye tukasikia sauti yake kutoka nyuma ya nyumba, akiongea na ukuta.

"Mwambieni huyo dereva aende. Mimi sina mkwe kama huyo. Na kama si mkwe wangu, basi hakuna ensoni, hakuna kitu ilitokea."

Nikaanza kukusanya santuri zangu. Kemunto akaacha kucheka. Nilimwangalia nikaona naye ameogopa, na nilihuzunika kweli, sifanyi mchezo.

Magokoro akasogea kwenye ukuta.

"Sawa," akasema. "Kama si mkwe, basi ni dereva tu wa Keroka, ameona Nyangau akitingisha makalio. Anapita soko zote mpaka Kericho. Mkwe anafunga mdomo. Dereva je?"

Ukuta ukakohoa.

"Wazee wake waje," Mzee akasema mwishowe. "Na aniachie hiyo nyekundu. Lakini leo hakuja hapa."

Basi nimepata mchumba, wenzangu, kwa sharti la kufunga mdomo, na hivi ndivyo nilivyoufunga. Naomba mtu asicheke. Hasa wewe unayepakia ndizi kwenda Nyamira kesho: ukiulizwa, mimi Jumapili yote nilikuwa chini ya lori nabadilisha springi.