Shangazi na Maegesho ya Buluu

Jumatano, 6 Agosti

Leo wakati wa chakula cha jioni, Shangazi wa mke wangu ameweka kijiko chini akasema anataka kupanda gurudumu kubwa la bustani ya burudani. Linafungwa Jumapili jioni kwa matengenezo, na hakuna ajuaye litafunguliwa lini. Ncha yake anaiona kila siku kutoka dirisha la chumba chake. Tangu miguu imkatae, miaka miwili sasa, safari zake ni kliniki na nyumbani, kliniki na nyumbani. Alisema bila kulalamika. Mke wangu machozi yalimlengalenga.

Nikasema: niachieni mimi.

Ukweli ni kwamba hesabu zangu zilikuwa zimeshatimia kabla hajamaliza kusema. Mwenye kiti cha magurudumu hupewa maegesho ya buluu, mlangoni kabisa. Kisha hupita geti la pembeni. Hakuna foleni! Shemeji, kaka wa mke wangu, aliwapeleka watoto wetu huko likizo iliyopita. Alisimama juani mpaka shingo ikababuka, wakaambulia mchezo mmoja tu, tena ule wa vikombe vinavyozunguka polepole. Mimi nitapitisha familia nzima nyuma ya kiti kimoja. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Shemeji ana upara.

Mke wangu ameniuliza kama hii ni safari ya Shangazi au yangu. Nimemwambia ya Shangazi, bila shaka. Akanitazama kama anavyotazama bomba linalovuja.

Alhamisi, 7 Agosti

Baada ya kazi nimekwenda kupeleleza. Nikaegesha kwenye buluu ili nipime umbali hadi getini. Mlinzi mwenye masharubu akaja taratibu, akainama dirishani, akauliza mwenye kiti yuko wapi. Nikamwambia anakuja Jumapili. Akasema basi na nafasi nayo itakuja Jumapili.

Nimeondoka kwa heshima zangu zote, ila nilikwangua ukingo kidogo. Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Nimegundua kwamba kati ya buluu na geti kuna kilima kidogo. Nani atasukuma kiti mlimani wakati ana gari? Nitamshusha Shangazi getini kwanza, ashike nafasi yetu, kisha niende kuegesha peke yangu. Waliopanga ile bustani hawakuliwaza hili. Nimeliwaza mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepaka kiti mafuta. Shangazi, akiwa kitandani, aliuliza kiti kilikuwa na ubaya gani. Nikamwambia hakikuwa na ubaya, ila sasa kitateleza. Kimeteleza kweli. Mke wangu alikiwekea kikapu cha nguo, akageuka, na kiti kikaondoka chenyewe ukumbini hadi kabatini. Nilikuwa nimezipaka na breki. Ameshinda jioni yote akizifuta kwa kitambaa na sabuni, na hakuniomba msaada. Ananijua, nachoka upesi.

Shemeji amepiga simu. Anasema amewauliza watu wa bustani. Kumbe gurudumu lina kibanda kimoja tu chenye mlango mpana, na jukwaa la kupandishia kiti huteremshwa asubuhi tu, hadi saa tano. Baada ya hapo watu huwa wengi, hawasimamishi gurudumu kwa ajili ya mtu mmoja. Tena, anayepita na kiti geti la pembeni ni msindikizaji mmoja, wengine wote foleni. Akauliza kama tunahitaji gari lake, lile lenye sakafu ya chini.

Wivu haujifichi. Nikamwambia mwenye macho haambiwi tazama. Msindikizaji mmoja ni kanuni ya watu wasiojua kuzungumza na watu. Nimemkaribisha aje mwenyewe, akashuhudie.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimenunua tiketi mapema, nimezitia mfuko wa shati nitakalovaa kesho. Mtu makini huonekana usiku wa kuamkia shughuli.

Shangazi amemwomba mke wangu amsuke. Ametoa kilemba cha zambarau ambacho sijakiona tangu harusi yetu. Amekipiga pasi mwenyewe, akiwa ameketi. Nikamwuliza kama ana wasiwasi na urefu wa lile gurudumu. Akasema ana wasiwasi na mimi. Mcheshi sana huyu mama.

Jumapili, 10 Agosti

Tumechelewa kidogo kutoka, kwa sababu nilipitia kuosha gari. Saa nne na nusu nikawashusha wote getini: Shangazi, mke wangu, watoto. Shemeji alikuwa ameshafika, amesimama kivulini na chupa ya maji. Nikampungia mkono nikaelekea buluu.

Masharubu yule yule. Akauliza mwenye kiti yuko wapi. Getini. Na kiti? Anacho yeye. Akauliza sasa hili gari limemleta nani. Nikamweleza mpango wote tangu mwanzo, pamoja na habari ya kile kilima. Alinisikiliza vizuri kabisa. Kisha akanionyesha kwa kidole uwanja wa vumbi ng'ambo ya uzio, ambako magari yalionekana kama punje za maharage.

Nikiwa ng'ambo, simu ikalia. Mke wangu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile mbaya. Tiketi ziko wapi?

Nikashika mfuko wa shati.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu shule. Kiatu kimoja kilibaki mtaroni nikarudi kukichukua. Nilipofika, Shangazi alikuwa ameweka mikono mapajani, macho juu kwenye gurudumu. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Shemeji alikuwa amejiegemeza kwenye geti la pembeni akimbembeleza mtu wa gurudumu asipandishe jukwaa, amsubiri mama mmoja tu.

Msindikizaji mmoja. Nilifunga kifungo cha shati nikashika vishikio vya kiti. Shangazi akasema hapana. Akamwita mke wangu. Akasema huyu ndiye anayeniogesha, ndiye anayeniinua, naye pia hajatoka miaka miwili. Mke wangu akashika vishikio. Wakapita.

Mimi na Shemeji tumepanga foleni na watoto. Alinigawia mkate wake wenye yai, ulikuwa mtamu, sitamwambia. Kisha nikakiona kilemba cha zambarau juu kabisa, juu kuliko paa zote. Shangazi alikuwa akicheka kinywa wazi, na mke wangu amemkumbatia. Walizunguka, wakazunguka tena. Nilijifuta macho. Vumbi la ule uwanja, nadhani. Watoto wamepata vikombe.

Jumatatu, 11 Agosti

Shangazi ameniita chumbani asubuhi. Akasema jana ameiona nyumba yetu kutoka angani, ameliona na dirisha lake, na hataisahau siku ile. Akasema pia kwamba nusura nimkoseshe. Hakupandisha sauti. Akasema, mkwe wangu, siku nyingine niulize kwanza. Mimi si tiketi.

Maneno mazito. Nimemwomba radhi kwa dhati, akanishika mkono. Nimeyatafakari kazini mchana kutwa, hata mteja mmoja kaondoka bila kuhudumiwa. Na ni kweli kabisa, Shangazi si tiketi. Tiketi hutumika mara moja ikaisha.

Jumamosi kuna fainali ya mpira. Uwanjani nako kuna maegesho ya buluu, na wenye viti hukaa mbele, karibu na wachezaji. Msindikizaji ni mmoja, hilo sasa nalijua, na mke wangu hapendi mpira. Shangazi naye hapendi, lakini hajawahi kuuona kwa karibu. Nitamuuliza Jumamosi, tukishafika.