Kifuniko Kimoja tu cha Dawa ya Bwawa

Leo nimejidhalilisha mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa vizuri.

Mwanangu ana nyumba ya wageni hapa Ipuli, na ina bwawa la kuogelea. Anayelitunza ni mke wake, Agnesi. Leo saa nane alikuwa anakuja mama mmoja wa Isevya kukagua mahali pa kufanyia harusi ya binti yake. Akipapenda, hiyo ndiyo harusi yetu ya kwanza. Asipopapenda, anakwenda kwa jirani mwenye viti vya dhahabu. (Ni rangi tu.)

Asubuhi maji yameamka na ukungu. Agnesi akatoa chupa ya dawa ya kung'arisha maji.

"Mama, mimi nakwenda sokoni. Tia kifuniko kimoja. Pampu usiizime, ndiyo inayovuta uchafu kwenye chujio."

"Mwanangu, mimi nimetakasa maji kabla hujazaliwa."

Akabandika na karatasi kwenye chupa. Sikuisoma. Miwani ilikuwa ndani, nami siagizwi na karatasi.

Kifuniko kimoja! Bwawa zima! Halafu pampu inaunguruma, maji yanazunguka kama yana wazimu. Sisi kule Lusu tulichota maji ya lambo, mekundu, tukatwanga mbegu za mlonge, tukatia, tukakoroga, tukayaacha. Tope likakaa chini, tukanywa. Maji hayatakati yakisumbuliwa.

Nikazima pampu. Nikamimina chupa yote. Nikakoroga kwa ule wavu wa kuokotea majani, nikaenda kuvaa.

Narudi saa saba. Mayo! Bwawa limekuwa uji. Uji mwepesi wa mgonjwa, lakini uji. Ngazi ya kwanza naiona, ya pili sijui iliko. Nikasema litatulia. Nikavuta kiti, nikalitazama. Halikutulia.

Geti likagongwa. Wageni wamewahi! Mama wa bibi harusi na dada zake wawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wanangu."

"Mbona maji meupe hivi?"

Hapo mwenye akili angesema kweli.

"Hiyo ni dawa ya miguu," nikasema. "Watu wanaifuata kutoka mbali."

(Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu.)

Wakaamini! Viatu pembeni, magauni magotini, miguu ndani. Mmoja akasema anasikia kisigino kinalegea. Mwingine akaanza kujipaka mpaka viwiko. Nami nimeshakuwa mganga, naelekeza: "Usisugue! Pakaza!"

Mama wa bibi harusi akaiona chupa chini ya kiti changu.

"Kumbe dawa yenyewe ndiyo hii?"

Akaiokota. Akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma matangazo kanisani:

"Kifuniko kimoja tu. Ukizidisha, maji yatakuwa meupe. Pampu isizimwe. Mama, nakuomba."

Akatega sikio. Pampu kimya.

"Huyu mama anayeombwa," akauliza, "ni nani?"

Agnesi akaingia wakati huo huo na kuku wawili mkononi. Akaliangalia bwawa. Akaiangalia ile miguu. Akaniangalia mimi. Akaweka kuku chini, akaenda kuwasha pampu.

"Ni mama mkwe wako?" wakamwuliza.

"Ndiye."

Walicheka mpaka mmoja akashikilia nguzo. Mimi nilikaa nimenyooka. Mtu wa umri wangu hakimbii, hata kama miguu inataka. Agnesi akawasuuza kwa maji ya bomba, huku akiwaeleza kwamba bwawa litahitaji siku kadhaa kutakata, na kwamba harusi yao bado iko mbali.

Basi wameleta harusi kwetu. Yule mama anasema tangu aanze hizi shughuli za harusi hajacheka hivyo. Ila ametoa sharti moja: siku hiyo mimi nikae meza kuu, kule mbele.

"Kwa nini meza kuu?" nikamwuliza Agnesi.

"Ni heshima, mama."

Nimepima kwa macho. Meza kuu ndiyo iliyo mbali na bwawa kuliko meza zote.

Heshima nimeipokea.