Ombi la Alama kwa Nyumba Isiyo na Panya

Kwa Mwalimu wa Bayolojia,
Kidato cha Tatu.

Mheshimiwa mwanangu,

Pokea salamu zangu kwanza, maana hasira zikitangulia salamu hazitaonekana. Mimi ni bibi wa yule msichana mrefu anayekaa karibu na dirisha la maabara, uliyempa sifuri Jumanne. Shule mimi sikuikanyaga hata siku moja. Barua hii natamka mimi, anaandika yeye mwenyewe, na nimemkataza kupunguza neno wala kuongeza adabu. Adabu utakayoikuta humu ni yangu.

Shauri lenyewe ni hili. Uliwaambia watoto kila mmoja aje na panya wake, mkubwa, mzima, ili ampasue na kuandika alichokiona ndani. Wenzake walikuja na panya. Wangu alikuja mikono mitupu. Ukampa sifuri, ukasema jaribio litarudiwa Ijumaa, na asiye na panya atatolewa kwenye Bayolojia ahamie somo jingine. Mwalimu, mtoto huyu anataka udaktari tangu alipokuwa akimpima mdoli homa kwa kijiko. Bila Bayolojia atakuwa daktari wa nini, wa viatu?

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwangu hakuna panya. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa najisifu. Kila tundu nimeliziba kwa saruji kwa mkono huu huu, darini nafagia, chini ya kitanda changu unaweza kumlaza mtoto mchanga. Panya wa mtaa huu akifika mlangoni kwangu huvuka barabara. Sasa mtoto anayetoka kwenye nyumba kama hiyo anapata sifuri, na anayelala na panya mto mmoja anapata themanini! Mkiupa uchafu zawadi, ufagio atashika nani?

2. Kwa ajili ya somo lako ilinibidi nimtume mtoto akaazime panya kwa jirani. Nimeazima chumvi, nimeazima ngazi, nimeazima viti vya msiba. Panya, mwalimu, sijawahi. Na jirani mwenyewe ni Mama Redio, tuliyempa jina hilo kwa sababu habari ikiingia kwake haihitaji kusukumwa ili itoke. Miaka yote nimekuwa nikimwambia, jirani, fagia, jirani, funika. Siku hiyo alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kufika sokoni: "Kumbe leo bibi yako ana shida na vitu vyangu! Mwambie aje mwenyewe, aseme 'naomba panya', nimsikie." Sikwenda. Afadhali ningeombwa nipasuliwe mimi.

Na bado. Mama Redio sasa amekuwa mtu mkubwa. Wanafunzi wanapanga foleni kwake na ndoo, wanamwamkia shikamoo hata wale waliokuwa wakimrushia mpira ukutani. Anawachagulia kama anauza ng'ombe: huyu dume, huyu ana afya, huyu mpe yule mnene. Juzi nimemsikia akimwita mmoja "mwanafunzi wangu". Wewe, mwalimu, ndiye uliyemfungulia chuo.

3. Nilimtuma paka wetu akawinde. Alirudi na soksi. Simlaumu, kazi hiyo hajawahi kufundishwa, maana kwangu hakuna panya (tafadhali rudia lalamiko la kwanza).

4. Nauliza kwa moyo safi: ndani ya panya kuna nini? Mtoto ananiambia kuna moyo, maini, utumbo na mapafu. Vyote hivyo kuku anavyo, na kuku ukimaliza kumchungulia unamtia sufuriani, hakuna kilichopotea. Nimeishi miaka mingi, nimezika wengi na nimepokea wengi, sijaona mtu aliyesaidiwa na kilichomo tumboni mwa panya. Panya ni mwizi. Mwizi hachunguzwi amekula nini, anafukuzwa.

5. Mnafungua, hamfungi. Nimeambiwa watoto walipomaliza kuandika, panya wakaachwa wazi kwenye masinia, tumbo juu, pini nne, watu wakaenda kunywa chai. Mimi nashona magodoro ya pamba. Nikifungua godoro la mtu, naliangalia, nalitoa uvimbe, nalifunga. Afunguaye asifunge ama ni mwizi ama ni fundi wa redio. Huyo daktari mnayemtengeneza siku akinifungua mimi, akasikia kengele ya chai, nitakuwa wapi?

6. Mwisho, kama ni lazima kiumbe kipatikane, ninaye mjomba wa mtoto. Yuko kwenye kochi tangu alipoachishwa kazi. Mchana haonekani akifanya lolote, usiku chakula kinapungua. Sisemi mumpasue, ni mwanangu, nampenda, na kochi bado nalihitaji. Nasema aletwe, alazwe mezani, watoto wamzunguke waandike. Ni mkubwa, ni mzima kama ulivyoagiza, na dawa ya usingizi mtaiokoa, kwa kuwa huo anao wa kwake.

Sikuandika haya kwa kupenda maneno. Jumanne jioni mtoto alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Hakuna kinachogongana. Nikasema loo, leo sahani zinaoshwa kwa adabu. Kumbe maji ya beseni yalikuwa yanaongezeka na mimi sijamimina. Mwalimu, mimi nimemlea huyu kwa sindano na uzi. Ukimtoa kwenye somo lake kwa sababu nyumba ya bibi yake ni safi, basi aliyemfelisha ni mimi na ufagio wangu, na hilo sitalibeba.

Kwa hiyo naomba uje nyumbani, na tochi yako, upekue chumba hadi chumba. Inua magodoro, fungua makabati, ingia darini, ngazi nitaazima. Ukikosa panya, mtoto apewe alama zote za wenye panya, na nyongeza kidogo ya usafi. Mama Redio awepo, asimame mahali atakapoona vizuri.

Nisalimie Mwalimu Mkuu, nisalimie mlinzi wa geti na goti lake linalomuuma, nisalimie mama aliyekuzaa, mwambie alizaa mtu mkali lakini bado anatengenezeka. Wanafunzi wote wasalimie, hata wa themanini.

Ni mimi ninayekuheshimu ukiwa darasani na nitakayekuheshimu zaidi ukirekebisha,

Bibi Mshona Magodoro
(kidole gumba changu hicho hapo)

Nyongeza: Mwalimu, mtoto alipokuwa anaikunja barua hii, kuna kitu kimepita katikati ya miguu yangu. Jina lake silitaji. Mimi nilijikuta juu ya meza. Mjomba mtu aliamka, jambo ambalo hata mvua ya mawe haikuliweza, akanifuata mezani. Paka alitoka kwa dirisha. Aliyebaki chini ni mjukuu wangu peke yake: akakifunika kwa sufuria, akakivuta kwa mkia, akakiinua kwenye taa, akakitazama kwa utulivu, akasema, "Bibi, huyu ananyonyesha."

Kwa hiyo usije na tochi. Ijumaa anakuja naye kwenye ndoo.

Lakini panya huyu si wangu. Ni msafiri, mlango tuliuacha wazi kwa ajili ya joto, na wanawe bila shaka wako kwa Mama Redio, ndiyo maana nimemkataza mtoto kuchungulia nyuma ya kabati. Lalamiko la nne lifute kabisa. Wakimpasua, waanzie tumboni, tena waangalie vizuri, ndiyo elimu. Mama Redio huweka mchele. Humu nyumbani mwangu mna maharage mekundu tu. Ukikuta mchele, andika, piga muhuri, njoo uusomee mtaa mzima. Ukikuta wekundu wekundu, mwanangu, mpe mtoto alama zake, piga kengele ya chai.