Darasa Zima Likarudia Mara Tatu

Leo nimeaibika. Tena si kwa kunong'onwa. Nimeaibika kwa sauti ya watu kumi na wanane, kwa Kiingereza safi nilichokifundisha mwenyewe.

Kwa wasionifahamu: kila Jumamosi asubuhi nafundisha watu wazima Kiingereza hapa Garsen, katika chumba cha kanisa kinachotazamana na maduka. Wanafunzi wangu ni wauza maziwa, madalali wa ng'ombe, wakulima wa kando ya mto. Nawapenda. Kueleza ndiyo kazi ninayoiweza (mume wangu husema naweza kumweleza mtu mzima kijiko ni nini).

Mwanafunzi wangu bora ni Mama Komora, ambaye pia ni jirani yangu. Wiki tatu zilizopita alimzika mama yake kule kijiji cha Wema. Tangu siku hiyo huja darasani, hukaa nyuma, hafungui mdomo. Hata salamu zetu za asubuhi zimebaki kama kukohoa. Kwa hiyo leo nilikuwa na nia moja tu: Mama Komora aseme. Sentensi moja. Hata fupi.

Somo lilikuwa "show up". Nikaeleza taratibu. Ni kufika mahali unapotarajiwa. Watu wanakungoja, na wewe unatokea. Usipotokea wakabaki wanatazama njia, unaongeza "did not" mbele yake. Nikaandika ubaoni: "The bus did not show up." Wakanakili. Wakaweka kalamu chini.

"Hapana, hiyo ni ya kitabuni," nikawaambia. "Nipeni sentensi za maisha yenu. Mambo ya kila siku, ya kweli. Msiogope!"

(Mimi na mdomo wangu.)

Mzee Guyo, dalali wa ng'ombe, akasimama na fimbo yake. "My cows show up at the river every day."

"Vizuri sana! Darasa, rudieni!"

Wakarudia mara tatu. Ndio utaratibu wetu. Sentensi ikiwa sahihi nasema "rudieni", na wote wanaitamka mara tatu ili ulimi uzoee. Ulimi wangu nao umezoea, kama mtakavyoona.

Akafuata Bi Sahara, muuza maziwa. "Yesterday my customers did not show up."

"Na maziwa?" akauliza Mzee Guyo.

"Nimekunywa mwenyewe. Mpaka sasa tumbo linalia kama ndama."

Tukacheka. Tukarudia mara tatu. Ndipo nikaona mkono umeinuka kule nyuma. Mkono wa Mama Komora! Nilifurahi hadi chaki ikaniponyoka.

"Ndiyo, Mama Komora! Usiharakishe. Sema tu."

Akasimama, akashika ukingo wa dawati. Akasema polepole, kila neno mahali pake: "Teacher did not show up at my mother's burial."

Mwalimu hakufika kwenye mazishi ya mama yangu.

Sasa nielezeni nyinyi, maana mimi sijielewi. Sentensi ile haikuwa na kosa hata moja, na masikio yangu yalisikia usahihi kabla ya kusikia maana. Nikapiga makofi! "Safi kabisa! Darasa, rudieni!"

Na darasa langu ni tiifu.

Mara ya kwanza walirudia kwa nguvu. Mara ya pili wakaanza kuelewa wanachosema, sauti zikalegea. Nikainua mikono kuwazuia, wakadhani nataka wapaze. Wakapaza! Dirisha liko wazi, leo soko limejaa. Mwenye duka la ng'ambo akatoa kichwa: "Mwalimu! Kumbe hukwenda?"

Nikageukia ubao, nikafuta. Nikafuta hata pale ambapo hapakuwa na maandishi.

"Barabara ilikuwa imejaa maji," nikasema. Ndivyo nilivyomwandikia Mama Komora kwenye simu siku ile.

"Kweli, ilijaa," akasema Mzee Guyo kwa upole (na upole wake ndio ulionimaliza). "Maji mpaka hapa." Akagusa kiuno kwa fimbo. "Sisi tulipita."

Ukweli ni huu, na ninyi ndio wa kwanza kuusikia. Siku ile niliamka mapema, nikajifunga leso, kisha nikarudi kuketi kitandani. Mimi wa kueleza kila kitu sikujua nitamwambia nini mtu aliyefiwa na mama. Nilikaa pale hadi saa sita nikitafuta neno. Halafu nikayasingizia maji.

Darasa lilipoisha nikamkimbilia Mama Komora mlangoni. "Mama Komora, ngoja nikueleze..."

"Usinieleze, Rehema." Hajawahi kuniita Rehema. "Siku ile sikutaka maneno. Nilitaka ukae na mimi pale mkekani, basi."

Nikamuuliza kama naweza kuja kwake leo.

Akaweka daftari kwapani. "Nyumbani hakuna maji," akasema, akaenda zake.

Mnajua kwenye matanga jirani mwanamke huanza na nini: kuteka maji. Basi nimeanza leo, nimechelewa wiki tatu. Nimeshapeleka mitungi mitano. Yeye ameketi mlangoni anachambua mchele. Kila nikimimina, ananyanyuka, anachungulia pipa, anasema neno moja: "Bado." Anarudi kwenye mchele wake.

Naandika haya nikiwa kwenye foleni ya bomba, mtungi wa sita. Mabega yanawaka. Anayetaka kucheka acheke, lakini aje na mtungi.