Herufi Tatu za Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Kibao kipya kimewekwa kwenye mnara wa mashujaa: atakayechonga, kuchora au kufuta chochote juu ya jiwe, jela hadi miaka miwili. Nimekiandika mimi mwenyewe, fundi wa vibao! Kimenyooka kweli. Jiwe lina majina mia na kumi na mawili. La kaka yangu halimo. Alikwenda vitani, hakurudi, wala mwili haukuonekana. Miaka ishirini na miwili sasa Mama huyapitia yote kwa kidole, kisha hurudi nyumbani. Nami nimemkumbuka kaka, hata kikohozi chake.

Jumanne, 4 Machi
Ofisi ya manispaa, kuomba jina la kaka liongezwe. Karani kataka cheti cha kifo. Sina. Basi nisubiri kamati, hukaa kila baada ya miaka mitano, na imekaa juzijuzi. Akanikumbusha kuwa haraka haraka haina baraka. Miaka ishirini na miwili, haraka!

Alhamisi, 6 Machi
Mpango umeiva. Mlinzi wa mnara, tunayemwita Bwana Kanuni, huenda kula saa saba. Patasi ninayo. Koti la manispaa nimeazima kwa shemeji. Nani atamshuku mwenye koti? Mke wangu kasema nitafungwa. Hajawahi kuniamini huyu.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Mkono umezoea vibao vya maduka. Herufi zikatoka kubwa, za kuuzia magodoro. Tatu tu, nafasi kwisha! Kisha akapita kinyozi, akaniuliza kama naweza kumwandikia kibao. Kazi ni kazi. Bwana Kanuni akanikuta nachukua vipimo vya kibao chake.

Jumatatu, 10 Machi
Mahakamani. Kosa limethibitika, kifungo cha nje miezi sita. Bwana Kanuni akaomba herufi zifutwe leo leo. Hakimu akasoma sheria mara mbili, akasema haibagui herufi: atakayezifuta naye jela; zibaki mpaka kamati ikae.

Mama hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe, akaweka kidole kwenye zile tatu. Akasema ndivyo alivyokuwa mwanawe, akiingia chumbani wengine hawapati pa kukaa. Akacheka. Mimi nililia, Bwana Kanuni akiniangalia.

Jumanne, 11 Machi
Upande wa nyuma wa jiwe ni mtupu kabisa! Nimeupima kwa macho. Jina lake lote linaenea, hata kwa herufi za magodoro. Nimemwomba shemeji ngazi. Hajauliza ya nini.